Gesi Haikuua Gari ya Anko

Februari 2024 anko wangu alitoa mfumo wa gesi kwa gari yake na kuuza mtungi, mipira, nyaya, kila kitu, kwa bei ya kutupa. Alikuwa ameuweka miezi michache tu. Yeye huendesha teksi ya mtandaoni, Fielder yenye injini ya 1NZ, na hesabu yake ilikuwa ya mtu yeyote mwenye akili. Julai 2023 VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 ikafika 16, na kufika Oktoba lita ya petroli Nairobi ilikuwa imepita shilingi 217. Sheria hiyohiyo ya fedha ndiyo iliondolea gesi VAT. Kwa hivyo akachukua mkopo wa sacco, elfu themanini, akafungiwa mtungi kwa buti na swichi ndogo karibu na usukani. Bonyeza, unaenda na gesi. Bonyeza tena, umerudi petroli.

Ilienda poa hadi Januari. Halafu gari ikaanza kukohoa. Si kila saa. Ikiwa tambarare, hakuna shida. Ikiwa na abiria wanne inapanda kilima, inashtuka, inakosa nguvu, taa ya injini inawaka. Fundi wa kwanza akabonyeza swichi, gari ikahama petroli, ikatulia. Akamwangalia anko hivi: "Si unaona mwenyewe? Ni gesi."

Ukiwa pale ungesemaje? Ushahidi si ndio huo. Na usiku wa tarehe 1 Februari mwaka huo gesi ililipuka kule Mradi, Embakasi, watu wakafa, na anko anaishi upande huohuo. Kesho yake landilodi alikuwa amesema hataki kuona gari ya gesi kwa parking yake. Wiki mbili baadaye mfumo ukatoka.

Hii post ni ya kusema kwamba ule ushahidi ulikuwa na shimo, na kwamba hilo shimo lina umri mkubwa kuliko mimi, wewe na anko tukijumlishwa. Nimekuwa nikisoma historia ya magari ya gesi tangu hiyo gari itoke gereji, kwanza kwa hasira, baadaye kwa sababu ilinishika. Twende pole pole.

Gesi tunayopikia, LPG, ni propani na butani. Ilianza kama takataka ya petroli. Mwaka wa 1910 kuna mkemia Mmarekani aliitwa Walter Snelling, alikuwa anafanya kazi na serikali yao kule Pittsburgh. Inasimuliwa kwamba mwenye gari mmoja alilalamika kuwa petroli anayonunua inapotea hewani kabla hajafika nyumbani, yaani analipia mvuke. Snelling akaipima, akapata kwamba kinachotoroka ni gesi nyepesi zilizochanganyika na petroli. Akatafuta njia ya kuzitenganisha na kuzishika kama maji ndani ya chuma, akapata hataza 1913, akamuuzia Frank Phillips, yule wa kampuni ya mafuta ya Phillips. Sasa angalia: tangu siku ya kwanza gesi imeingia kwenye historia kama kitu kinachoshukiwa na mwenye gari. Nacheka, lakini ni kweli.

Ilichukua muda kufika kwa injini za watu wa kawaida. Miaka ya 1950 Chicago ilikuwa na mamia ya mabasi ya propani. Italia nayo, baada ya vita, petroli ilikuwa ghali na watu walikuwa na vigari vidogo na pesa kidogo (unasikia kama mahali unapajua?), ndiko gereji za kubadilisha magari zilianza kuwa biashara kamili. Landi Renzo, ambayo jina lake bado utaliona kwa vifaa vingi, ilianzishwa 1954 kule Reggio Emilia. Japani wakapeleka teksi zao kwa gesi kuanzia miaka ya 1960, na hadi juzi Toyota ilikuwa inatengeneza Crown Comfort ya LPG ikitoka kiwandani hivyo. Kwa hivyo yule jamaa anakuambia "Toyota haiwezani na gesi", mwambie akaulize Tokyo.

Lakini mifumo ya zamani ilikuwa na tabia mbaya, na hapo ndipo sifa chafu ya gesi ilitoka.

Fikiria hivi. Ndani ya mtungi gesi ni maji. Inatoka chini ya mtungi ikiwa maji, inafika mbele kwa kifaa mafundi wanaita ridyusa, ambayo inapunguza presha na kuipasha moto kwa maji ya radieta ndiyo igeuke mvuke. Zamani, huo mvuke ulivutwa na injini yenyewe kupitia miksa, kibomba kilichofungwa pale kabureta ilipo. Kumaanisha njia yote ya hewa, kutoka miksa hadi kwa valvu, ilikuwa imejaa hewa na gesi iliyo tayari kuwaka. Plagi moja ikikosa kuwasha vizuri, au valvu ikivuja, ule moto unarudi nyuma. Paa! Kisanduku cha chujio la hewa kinapasuka. Gari za kabureta zilivumilia, ni chuma. Zilipokuja gari za miaka ya 80 na 90 zenye manifoldi za plastiki na sensa za hewa za bei ghali, mlipuko mmoja ulikuwa unakula mshahara wa mwezi.

Mafundi wa Ulaya walifanya nini? Wengi walifunga valvu ya kupumulia, ili ikilipuka moto utoke bila kuvunja kitu. Ni kama mtu ana kikohozi unampatia leso. Wale wajanja waliuliza swali lingine: mbona plagi ilikosa kuwasha? Jibu ndilo nataka ushike, kwa sababu ndilo lilimuumiza anko miaka mingi baadaye. Mchanganyiko wa gesi na hewa unahitaji umeme wenye volti ya juu zaidi kuwaka kuliko wa petroli. Plagi iliyochakaa, waya uliopasuka, koili iliyochoka, vyote vinaweza kuwasha petroli bila wewe kujua. Ukiweka gesi, na injini ikiwa imebeba mzigo, zinashindwa. Kwa hivyo ukibonyeza swichi urudi petroli na gari ikatulia, hujathibitisha kwamba shida ni gesi. Umethibitisha tu kwamba petroli inavumilia zaidi.

Soma hiyo tena.

Kuna kesi ya pili, ya valvu, na hii ina Nairobi ndani. Mwaka wa 1921 Thomas Midgley, mtafiti wa General Motors, aligundua kwamba ukitia risasi kwenye petroli, nazungumzia ile metali, injini inaacha kugonga. Ikauzwa dunia nzima. Sumu tupu kwa watoto, lakini ilikuwa na faida moja isiyotarajiwa: masalia yake yalikuwa yanatandika siti za valvu, kama mto, chuma kisigongane na chuma kikavu. Gesi haina risasi. Kwa hivyo injini za zamani zenye siti laini zilipowekwa gesi, valvu zikaanza kuzama polepole. Watu wakasema gesi inakula injini. Cha kushangaza ni kwamba petroli isiyo na risasi ilipokuja, injini hizohizo zilipata shida ileile, ila hakuna aliyesema petroli inakula injini. Hapa Kenya risasi ilitoka mwanzoni mwa 2006. Algeria ndiyo ilikuwa ya mwisho duniani, 2021, na tangazo lilitoka hapahapa Gigiri kwa ofisi za UNEP.

Leo siti nyingi ni ngumu, lakini hii hadithi haijaisha kabisa. Kuna injini, nyingine za Kijapani, ambazo siti zake bado ni laini kwa kazi ya gesi. Na injini kama ya 1NZ haina valvu za kujirekebisha zenyewe, nafasi yake lazima ipimwe kwa mkono. Valvu ikizama kidogo, nafasi inaisha, valvu haifungi vizuri, asubuhi baridi gari inakataa kuwaka na inatetemeka hadi ipate moto. Hiyo ni dalili tofauti na ya anko. Yake iliamka vizuri kila asubuhi, ikalalamika mlimani. Fundi angeuliza tu swali moja, "inasumbua saa ngapi?", angejua aanzie wapi.

Sasa enzi ya kompyuta, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wetu tuko.

Kuanzia 1996 kila gari mpya Marekani ilibidi iwe na soketi moja ya kawaida ya kusoma makosa ya injini, OBD-II. Dunia ikafuata kwa njia zake. Karibu na wakati huohuo, mwishoni mwa miaka ya 1990, mifumo ya gesi nayo ikaacha miksa ikahamia injekta: kila silinda na injekta yake ya gesi, inanyunyiza karibu kabisa na valvu, kwa wakati wake. Ile milipuko ya njia ya hewa ikawa nadra. Shida ikahama kutoka kwa masikio ikaingia kwa namba.

Ujanja wa huu mfumo ni kwamba gari ina kompyuta mbili. Ya petroli, ile ya kiwandani, inaamua injekta ifunguke muda gani. Ya gesi inadaka hiyo amri, inaizidisha kidogo, inafungua injekta za gesi badala yake. Kompyuta ya kwanza haijui kitu. Inadhani bado inanyunyiza petroli. Gesi ikiwa kidogo, sensa ya oksijeni kwa ekzosi inapiga ripoti, na kompyuta ya petroli inaongeza, inaongeza, na inaandika kwa kumbukumbu yake kwamba hii gari inataka zaidi. Siku ukirudi petroli bado inakumbuka. Inamwaga petroli nyingi, moshi mweusi, harufu, na wewe unasema sasa petroli nayo imeharibika.

Ndiyo maana mtu akikwambia amepima gari na akapata P0171, yaani injini inakosa mafuta ya kutosha, muulize alisoma namba za marekebisho ikiwa kwa petroli au kwa gesi. Fundi mzuri anasoma zote mbili, gari ikiwa moto. Zikiwa karibu na sifuri kwa petroli na zikapanda hadi 20 kwa gesi, basi upande wa gesi ndio una njaa: chujio limejaa, injekta zimechoka, au ridyusa haishiki presha. Zikiwa mbaya kote kuwili, wacha gesi ipumzike, tafuta mahali hewa inavuja au sensa iliyokufa. Kazi ya dakika kumi. Badala yake kuna mafundi wanang'oa tu waya wa betri, taa inazima, unalipa elfu mbili, Jumatano imerudi.

Vitu vingine havihitaji hata mashine. Ukiona barafu juu ya ridyusa, barafu kabisa, Nairobi mchana, usianze kulaani gesi. Gesi ikigeuka mvuke inavuta joto, na joto linatoka kwa maji ya radieta. Barafu inasema maji hayafiki. Labda yamepungua, labda gasketi ya silinda hedi inayakunywa, labda bomba lilifungwa vibaya. Gesi nayo huacha uchafu wa mafutamafuta ndani ya ridyusa na chujio, ni kawaida, unasafishwa na kubadilishwa. Gari kula lita nyingi zaidi ikiwa kwa gesi si ugonjwa, lita ya gesi ina nguvu kidogo kuliko lita ya petroli, tarajia robo hivi juu. Na pampu ya petroli kuungua? Hiyo ni sisi wenyewe. Watu wakishaweka gesi wanaacha tangi la petroli kwa taa nyekundu miezi. Pampu iko ndani ya tangi na inapozwa na petroli yenyewe. Mara nyingi inaendelea kuzunguka hata ukiwa kwa gesi. Weka robo tangi, basi.

Kuna upande wa hofu pia, na siwezi kuuruka kwa sababu ndio uliamua kesi ya anko. Hofu haikutoka hewani. Januari 1999 huko Vénissieux, karibu na Lyon, Ufaransa, gari ya gesi ilichomwa moto, mtungi haukuwa na valvu ya kuachilia presha, ukalipuka wazima moto wakiwa kando. Waliumia vibaya sana. Baada ya hapo hiyo valvu ikawa lazima. Kanuni nambari 67 ya Umoja wa Mataifa, inayoongoza vifaa hivi, inataka mtungi wa gari ukatae kujaa zaidi ya asilimia 80 na uwe na njia ya kutoa presha ukipata moto. Uturuki walipitia kitu sawa kwa njia ya mtaani zaidi: miaka ya 90 watu walifunga mitungi ya jikoni kwa buti, na hadi leo kuna parking za chini ya ardhi kule zenye mabango ya kukataza gari za gesi, ingawa nchi yenyewe ina mamilioni ya hizo gari.

Mtungi wa jikoni hutoa mvuke kutoka juu, wa gari hutoa maji kutoka chini. Jikoni hakuna kitu cha kuzuia usijae kupita kiasi. Mtu akikuambia atakuunganishia ule wa kilo 13 kwa gari, toka hapo hata kama ni binamu yako. Na ukitafuta mahali gesi inavuja, tumia povu la sabuni. Nimeona video ya kiberiti. Sitaiweka link.

Mfano mmoja wa mwisho kutoka mbali, Hong Kong. Kule serikali yenyewe ndiyo ilisukuma. Kuanzia 2000 ilimpa mwenye teksi ya dizeli ruzuku ya dola 40,000 za Hong Kong ahamie gari ya LPG, na ndani ya miaka michache karibu teksi zote, elfu 18 hivi, zilikuwa zimehama. Si za kubadilishwa gereji, zilitoka kiwandani hivyo. Mwanzoni mwa 2010 teksi na minibasi zikaanza kuzima zikiwa barabarani, moja baada ya nyingine. Madereva wakasema gesi ni mbaya. Serikali ikachukua sampuli, ikapima. Gesi ilikuwa ndani ya viwango. Mazungumzo yakarudi pale ambapo hakuna dereva anapenda yarudi, kwa matengenezo.

Sisemi madereva walikuwa wajinga. Gari inayofanya kazi zamu mbili kwa siku haina saa ya kulala gereji, na kila saa ya gereji ni ya dereva, si ya mwenye gari. Nawaelewa kabisa. Lakini napenda walichofanya baadaye. 2013 na 2014 serikali ililipia kubadilisha katalisti na sensa za oksijeni kwa hizo teksi, halafu kuanzia Septemba 2014 ikaweka mashine kando ya barabara zinazopima moshi wa gari ikipita. Ukizidi unaandikiwa barua ukapimwe, na una siku 12 za kazi. Yaani walikubali kwamba dereva hawezi kuona kila shida kwa jicho, wakaenda kumtafutia.

Sisi tumefanya nini? Tumeuza mifumo. Kijana anafungiwa vifaa siku moja, anapewa kadi yenye namba ya simu, kwaheri. Hakuna anayemwambia kabla ya kufunga tupime koili, plagi na nafasi za valvu. Hakuna anayemwambia arudi baada ya kilomita elfu chache chujio libadilishwe na namba zisomwe upya. Halafu shida ikija anaenda kwa fundi ambaye hajawahi kufundishwa gesi, na huyo fundi, kwa haki kabisa, analaumu kitu asichokijua. Mimi simlaumu yeye sana. Namlaumu aliyechukua elfu themanini.

Sasa, anko. Alirudi petroli, gari ikawa sawa. Karibu sawa. Agosti ikaanza kutetemeka ikiwa imesimama kwa taa, halafu siku moja Mombasa Road ikakataa kabisa kuvuta. Ilivutwa hadi kwa mzee mmoja mwenye gereji ndogo Kariobangi, mahali pa mabati tu, na mashine ya kusomea gari ya bei rahisi, skrini imepasuka. Ikasoma P0303: silinda ya tatu haiwaki.

Mzee hakununua kitu. Alitoa koili ya silinda ya tatu akaweka kwa ya kwanza, ya kwanza akaipeleka kwa ya tatu. Akafuta kosa, akawasha. Mashine ikasoma P0301. Shida ilikuwa imehama na koili.

"Hii koili ina ufa wa siku nyingi, kijana wangu," akamwambia anko, akimwonyesha mstari mweusi kwa plastiki. "Hukuwa unasikia ikikataa mlimani?"

Anko akanyamaza kwanza. Halafu akamweleza kuhusu gesi.

Koili ilikuwa elfu tatu na mia tano, Kirinyaga Road. Mfumo wa gesi alikuwa ameuuza elfu kumi na tano. Mkopo wa sacco bado analipa, na Jumapili iliyopita aliniuliza kama najua mtu anauza mtungi wa gari uliotumika kidogo.